Chandrasekhar na Kikomo cha Uzito wa Nyota

Tarehe 31 Julai 1930 meli iliyoitwa Pilsna iling'oa nanga katika bandari ya Bombay, India, kuelekea Venice, Italia. Miongoni mwa abiria wake alikuwamo kijana wa miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar, aliyekuwa akienda Uingereza kwa masomo ya juu katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Siku za kwanza bahari ilichafuka na kijana akaugua. Bahari ilipotulia alitoa karatasi zake, akaanza kulifanyia hesabu swali moja: nyota inapomaliza kuni zake, huwa nini?

Jibu alilolipata njiani lilimshangaza yeye mwenyewe. Hesabu ilionyesha kwamba nyota nyepesi huzeeka kwa utulivu, lakini nyota ambayo uzito wake umepita kiasi fulani haina pa kutulia. Hujikunja, na huendelea kujikunja. Miaka 53 baadaye, mwaka 1983, uchunguzi wake juu ya umbile na maisha ya nyota ulimpatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia, aliyoipokea pamoja na Mmarekani William Fowler. Kati ya safari ile na tuzo hiyo yapo mabishano makali, miaka mingi ya kufundisha, na setilaiti moja iliyorushwa kutoka pwani ya Kenya.

Kijana wa Madras

Chandrasekhar alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1910 katika mji wa Lahore, ambao siku hizi umo Pakistani. Wakati huo nchi yote ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Baba yake alikuwa ofisa wa hesabu katika shirika la reli, na baba yake mdogo alikuwa C. V. Raman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka ule ule wa 1930. Kwa hiyo hakukosa mfano nyumbani. Lakini elimu iliyomfikisha kwenye swali la nyota hakuipata kwa Raman wala darasani. Aliipata kwa kusoma peke yake.

Mwaka 1928 Profesa Arnold Sommerfeld wa Ujerumani, mmoja wa walimu wakubwa wa fizikia wa zama zile, alizuru Madras. Chandrasekhar, aliyekuwa mwanafunzi wa Presidency College, alikwisha kukisoma kitabu cha Sommerfeld juu ya atomi, naye akaenda kumwona mgeni huyo hotelini. Sommerfeld alimweleza bila kuficha kwamba fizikia iliyomo katika kitabu hicho imepitwa na wakati, kwa kuwa huko Ulaya nadharia mpya ya kwanta imeibadili kabisa. Kisha akampa nakala ya makala yake juu ya elektroni katika metali, ambayo ilikuwa haijachapishwa. Mwanafunzi mwingine huenda angekata tamaa kwa kuambiwa kwamba alichojifunza kwa taabu kimechakaa. Huyu aliichukua makala ile, akajifunza njia zake, na mwaka 1929 makala yake mwenyewe ilichapishwa na Jumuiya ya Kifalme ya London. Walimu wa shule zenye maktaba ndogo wataona thamani ya karatasi zile chache.

Ni nini kinachoizuia nyota isianguke?

Jua ni tufe la gesi lenye kipenyo cha kilometa milioni 1.4 hivi. Kila sehemu yake huvutwa na sehemu nyingine zote kuelekea katikati. Kama pasingekuwa na kitu cha kupinga uvutano huo, Jua lingeanguka ndani yake lenyewe kwa muda wa chini ya saa moja. Kinachopinga ni kanieneo, yaani nguvu ambayo gesi husukuma kila kipande cha eneo. Na kanieneo hiyo hutokana na joto. Katikati ya Jua viini vya haidrojeni huungana na kuwa heli, na muungano huo hutoa nishati inayoliweka Jua katika hali yake. Kazi hiyo imeendelea kwa miaka bilioni 4.6 na ina akiba ya miaka bilioni 5 hivi. Lakini akiba ni akiba. Siku moja huisha. Joto likipungua, uvutano haupungui.

Mfano wa nyota iliyokwisha kuishiwa upo angani, na mahali pake panaweza kuonyeshwa kwa wanafunzi usiku wowote usio na mawingu, kati ya Desemba na Aprili. Wakulima wengi wanaijua Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo. Mtu akianza na Kilimia, akapita kwenye zile nyota tatu zilizojipanga mstari katika kundi la Orion, kisha akaendelea mbele, ataikuta nyota ing'aayo kuliko nyota zote za usiku. Hiyo ni Sirius, iliyo umbali wa miaka ya nuru 8.6. Mwaka 1844 Mjerumani Friedrich Bessel aligundua kwamba Sirius haiendi kwa mstari ulionyooka bali huyumba, kana kwamba inavutwa na mwenzi asiyeonekana. Mwaka 1862 mwenzi huyo alionekana kwa darubini huko Marekani: nuru yake ni hafifu mno, naye huzunguka na Sirius kubwa kwa miaka 50.

Maajabu ya nyota hiyo ndogo, iitwayo Sirius B, ni kwamba tungamo lake, yaani wingi wa maada iliyomo, ni sawa na la Jua, lakini ukubwa wake haufikii hata wa Dunia yetu. Sentimita moja ya ujazo wa maada yake ina tungamo la zaidi ya tani 2. Kidonge cha ukubwa wa kipande cha sukari kingetosha kulemea lori. Nyota za namna hiyo huitwa vibete vyeupe.

Ni nini basi kinachoizuia Sirius B isiendelee kuporomoka, ikiwa haina tena moto ndani yake? Jibu lilitolewa mwaka 1926 na R. H. Fowler wa Cambridge, ambaye baadaye alikuwa msimamizi wa masomo ya Chandrasekhar. Katika maada iliyobanwa kiasi hicho, atomi huvunjika na elektroni huwa huru. Na elektroni zina sheria yao: mbili haziwezi kuwa katika hali moja kwa ukamilifu. Mfano ni bweni la shule lenye vitanda vya ghorofa, ambamo kila kitanda kina nafasi ya mwanafunzi mmoja. Wa kwanza huchukua vitanda vya chini. Wanaochelewa hawana hiari. Lazima wapande juu, na juu zaidi, hata kama hawapendi. Kwa elektroni, kitanda cha juu maana yake ni mwendo mkubwa zaidi. Kadiri nyota inavyobanwa, ndivyo elektroni zinavyolazimika kwenda mbio, hata nyota ikiwa baridi kabisa. Na mwendo huo ndio unaozaa kanieneo. Kwa maelezo ya Fowler, kila nyota, kubwa kwa ndogo, ingeweza kumalizia uzee wake kwa amani ikiwa kibete cheupe.

Hatua iliyofanywa melini

Chandrasekhar aliiona dosari moja katika maelezo hayo mazuri. Alipokokotoa mwendo wa elektroni zilizo katikati ya kibete cheupe, aliona kwamba unakaribia kasi ya nuru. Kwa nadharia ya Einstein ya uhusianifu, hakuna chembe yenye tungamo inayoweza kuifikia kasi hiyo. Kwa hiyo elektroni zilizoko vitanda vya juu haziwezi kuongeza mwendo wao kama zile za chini, na kanieneo yake haitaongezeka kama Fowler alivyodhani.

Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini matokeo yake ni makubwa, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuyafuata kwa kalamu. Nyota na ijikunje mpaka kipenyo chake kiwe nusu ya kile cha awali. Ujazo wake utakuwa sehemu moja ya nane, na msongamano wake, yaani wingi wa maada katika kila sentimita ya ujazo, utakuwa mara 8. Uvutano utakuwa mkali zaidi: ili nyota isimame, kanieneo ya katikati lazima iwe mara 16, kwa sababu kanieneo inayohitajika hulingana na msongamano uliopandishwa kwenye kipeo cha 4/3, na 8 kwa kipeo hicho ni 16.

Sasa zitazamwe elektroni zinatoa nini. Zikiwa na mwendo wa kadiri, kanieneo yake hufuata kipeo cha 5/3, na 8 kwa kipeo hicho ni 32. Uvutano unadai 16, elektroni zinalipa 32. Deni linalipwa na ziada inabaki. Nyota iliyobanwa kupita kiasi itatanuka kidogo na kutulia. Lakini elektroni zikikaribia kasi ya nuru, kipeo hushuka kutoka 5/3 hadi 4/3. Zitalipa 16 tu. Uvutano unadai 16, elektroni zinalipa 16, na kujikunja zaidi hakuleti nafuu yoyote. Kipenyo hakina tena neno katika shauri hili. Kinachobaki kuamua ni tungamo la nyota peke yake: likiwa chini ya kiasi fulani nyota husimama, likizidi nyota huanguka.

Kiasi hicho ndicho kiitwacho kikomo cha Chandrasekhar. Makala yake ya kwanza juu ya jambo hili, ya kurasa mbili tu, ilichapishwa Marekani mwaka 1931. Humo kikomo kilikuwa tungamo la Jua mara 0.91, kwa kuwa wakati huo muundo wa maada ya vibete vyeupe ulikuwa haujajulikana vema. Kwa nyota iliyojaa heli au kaboni na oksijeni, kikomo ni tungamo la Jua mara 1.4 na kidogo. Haki yadai isemwe pia kwamba Wilhelm Anderson wa Estonia na Edmund Stoner wa Uingereza walikwisha kulifikia jambo hili kwa njia zao katika miaka ya 1929 na 1930. Lakini aliyejenga nadharia kamili ya umbile la nyota hizo, na aliyesimama kuitetea, ni Chandrasekhar.

Mkutano wa London

Kutetea kulihitajika. Bingwa mkubwa wa elimu ya nyota katika miaka hiyo alikuwa Sir Arthur Eddington wa Cambridge. Mwaka 1919 yeye ndiye aliyesafiri hadi kisiwa cha Príncipe, kwenye pwani ya magharibi ya Afrika, kupima wakati wa kupatwa kwa Jua jinsi nuru ya nyota inavyopindwa na uvutano. Na vipimo hivyo vilimfanya Einstein ajulikane ulimwenguni kote. Mwishoni mwa mwaka 1934 Eddington alikuwa akifika mara kwa mara kumtembelea Chandrasekhar, akiiona kazi inavyoendelea kwa mashine ya kuhesabia ya kuzungushwa kwa mkono. Hakumdokezea pingamizi aliyokuwa akiiandaa.

Tarehe 11 Januari 1935 Chandrasekhar aliyatoa matokeo yake yote mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya Elimu ya Nyota huko London. Aliyefuata kusema alikuwa Eddington. Mzee huyo aliieleza kwa usahihi hatima ambayo hesabu ya kijana ilidai: nyota nzito ingeendelea kutoa nuru na kujikunja mpaka ibaki kilometa chache tu, na uvutano wake uwe mkali kiasi cha kuizuia nuru isitoke. Kisha akasema kwamba hilo ni jambo la upuuzi, na kwamba bila shaka ipo sheria ya maumbile ya kuizuia nyota isitende hivyo. Wasikilizaji walicheka. Chandrasekhar hakupewa nafasi ya kujibu.

Ni vigumu kupata katika historia ya sayansi mfano wa ajabu kuliko huu. Mtu aliyetoa maelezo ya shimo jeusi mbele ya hadhara, miongo mitatu kabla ya jina hilo kuenea, alitoa maelezo hayo ili kuonyesha kwamba kitu hicho hakiwezi kuwapo. Naye hakuwa mjinga wala mgeni wa nadharia ya Einstein. Alikuwa mwalimu wake mkubwa kabisa katika lugha ya Kiingereza.

Chandrasekhar aliwaandikia wanafizikia aliowajua ng'ambo ya bahari. Niels Bohr na Léon Rosenfeld wa Copenhagen, na Wolfgang Pauli, ambaye ndiye aliyeigundua ile sheria ya elektroni, waliona kwamba Eddington amekosea. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyekubali kulisema jambo hilo hadharani wakati ule. Kwao lilikuwa suala la wataalamu wa nyota. Kwa wataalamu wa nyota, neno la Eddington lilitosha. Kimya hicho cha wakubwa kiliichelewesha elimu hii kwa miaka mingi. Hata hivyo Chandrasekhar na Eddington hawakuwa maadui. Waliendelea kuandikiana mpaka Eddington alipofariki mwaka 1944, na mwaka 1982, katika kuadhimisha miaka 100 tangu Eddington azaliwe, ni Chandrasekhar aliyetoa mihadhara ya kumsifu kuwa mtaalamu mashuhuri kuliko wote wa wakati wake.

Mwalimu wa Chicago

Mwaka 1936 Chandrasekhar alirudi India kumwoa Lalitha Doraiswamy, aliyekuwa amesoma naye fizikia Madras. Mwanzoni mwa mwaka 1937 wote wawili walihamia Marekani, naye akaanza kazi katika Chuo Kikuu cha Chicago. Makao yao yalikuwa kwenye kituo cha Yerkes, kijijini Williams Bay, ambako chuo kiliweka darubini zake. Si kila mtu aliyempokea vizuri. Alipotakiwa kutoa masomo chuoni Chicago kwenyewe, mkuu mmoja wa kitivo alipinga kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Rais wa chuo, Robert Hutchins, akaamuru afundishe.

Mwaka 1939 alikusanya yote aliyoyajua juu ya umbile la nyota katika kitabu kimoja kikubwa, kisha akaiacha mada hiyo kabisa. Hakutaka kutumia maisha yake kubishana. Tangu hapo ikawa desturi yake: kuingia katika uwanja mmoja, kuuchunguza kwa miaka minane au kumi, kuandika kitabu kinachouweka sawa toka mwanzo hadi mwisho, na kuhamia uwanja mwingine. Ndivyo alivyofanya kwa mwendo wa nyota katika makundi, kwa safari ya nuru ndani ya angahewa ya nyota, na kwa mienendo ya vimiminika vyenye joto na sumaku.

Katika kufundisha alikuwa na utaratibu huo huo. Takriban wanafunzi 50 walipata shahada ya udaktari chini ya uongozi wake. Kuanzia mwaka 1952 hadi 1971 alikuwa mhariri wa jarida kuu la fizikia ya nyota la Marekani. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha miaka ya 1940, alipokuwa akiendesha gari kila juma kutoka Yerkes mpaka Chicago, mwendo wa kilometa 130 hivi kwenda na kiasi hicho kurudi, hata wakati wa theluji, kwa ajili ya darasa lililokuwa na wanafunzi wawili tu. Wengine waliona kwamba anapoteza wakati. Wanafunzi hao walikuwa Wachina wawili, Tsung-Dao Lee na Chen-Ning Yang, na mwaka 1957 wote wawili walipata Tuzo ya Nobel. Mwalimu wao aliingoja yake kwa miaka 26 zaidi.

Mbingu zatoa ushahidi

Wakati huo wengine walikuwa wamelichukua swali pale alipoliacha. Nyutroni iligunduliwa na James Chadwick mwaka 1932, na muda mfupi baadaye Walter Baade na Fritz Zwicky walitoa wazo kwamba nyota nzito inapolipuka, kiini chake hubanwa mpaka elektroni na protoni ziungane kuwa nyutroni. Nyota ya nyutroni yenye tungamo kama la Jua ingekuwa na kipenyo cha kilometa 20 hivi, kadiri ya mji mmoja, na kila sentimita ya ujazo wake ingekuwa na tani milioni mia kadhaa. Mwaka 1939 Robert Oppenheimer na wanafunzi wake walionyesha kwamba hata nyutroni zina kikomo chao, na kwamba nyota iliyopita kikomo hicho hujifungia mbali na ulimwengu. Makala yao hiyo ya pili ilitoka tarehe 1 Septemba 1939, siku ile ile vita vikuu vilipoanza Ulaya. Haikupata wasomaji wengi.

Ushahidi wa kwanza ulikuja mwaka 1967. Jocelyn Bell, mwanafunzi wa utafiti huko Cambridge, aliona katika karatasi za mashine yake ya kunasa mawimbi ya redio alama zilizojirudia kila baada ya sekunde 1.337 bila kukosa. Alikuwa amegundua nyota ya nyutroni inayozunguka kwa kasi, ambayo mwali wake hutupita kama taa ya mnara wa bahari. Tuzo ya Nobel ya ugunduzi huo, mwaka 1974, ilikwenda kwa msimamizi wake; yeye hakutajwa, na jambo hilo limelalamikiwa na wanasayansi wengi hata leo.

Ushahidi wa pili ulitoka karibu na nyumbani. Katika bahari ya Kenya, jirani na Malindi, Waitalia waliokuwa wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walikuwa wamesimamisha jukwaa la chuma liitwalo San Marco kwa ajili ya kurushia roketi. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu pako karibu na Ikweta, ambako mzunguko wa Dunia wenyewe huisaidia roketi kwa mwendo wa kilometa 1,670 kwa saa. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Kimarekani ilichukua kutoka hapo setilaiti ya kilo 140 hivi. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea mwaka wa saba wa uhuru wake, setilaiti ilipewa jina la Uhuru. Jina hilo la Kiswahili limo hata leo katika vitabu vya elimu ya nyota vya lugha zote.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kutafuta miali ya eksirei angani. Miali hiyo haifiki chini, kwa kuwa huzuiwa na hewa. Na hutolewa na gesi iliyopata joto la mamilioni ya digrii, kama vile gesi inayonyonywa kutoka nyota moja na kuangukia mwenzi wake mdogo mzito. Setilaiti ilifanya kazi mpaka mwaka 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Kimoja, Centaurus X-3, kilipiga mapigo kila baada ya sekunde 4.8: nyota ya nyutroni. Kingine, Cygnus X-1, hakikuwa na mapigo ya utaratibu bali kilipepesa ovyo katika sehemu ndogo ya sekunde. Hapo hesabu ni rahisi. Nuru huenda kilometa 300,000 kwa sekunde. Kitu kinachobadilika kwa moja ya kumi ya sekunde hakiwezi kuwa kikubwa kuliko kilometa 30,000 hivi. Katika miaka ya 1971 na 1972 watazamaji wa Uingereza na Kanada walimpata mwenzi wake, nyota kubwa ya buluu inayozungushwa kila baada ya siku 5.6 na kitu kisichoonekana. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vyaonyesha kwamba kitu hicho kina tungamo la Jua mara 21. Kinapita kila kikomo kijulikanacho. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kurudi kwenye mashimo meusi

Katika miaka ya 1970, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, Chandrasekhar aliurudia uwanja alioukimbia akiwa kijana. Safari hii hakuuliza kama mashimo meusi yapo, bali yanatenda nini yakiguswa. Shimo jeusi ni kitu sahili kupita kiasi. Mwaka 1963 Roy Kerr wa New Zealand alikuwa amepata jibu la milinganyo ya Einstein kwa shimo linalozunguka, na ilionekana kwamba tungamo na mzunguko vyatosha kulieleza lote. Ukubwa wake ni rahisi kukokotoa: kwa shimo lisilozunguka, nusu kipenyo cha mpaka usiovukwa na nuru ni mara mbili ya namba isiyobadilika ya uvutano ya Newton, ile G ya vitabuni, ikizidishwa kwa tungamo na kugawanywa kwa kasi ya nuru iliyozidishwa kwa yenyewe. Mwanafunzi akiweka tungamo la Jua, kilo 1.99 × 10³⁰, atapata kilometa 3 pungufu kidogo. Akiweka tungamo la Dunia atapata milimeta 9.

Swali la Chandrasekhar lilikuwa hili: shimo kama hilo likisukwasukwa, litafanyaje? C. V. Vishveshwara, mwanafizikia mwingine wa Kihindi, alikwisha kuonyesha mwaka 1970 kwamba litavuma mfano wa kengele na kunyamaza upesi. Mwaka 1975 Chandrasekhar na Steven Detweiler walikokotoa sauti za kengele hiyo, yaani mitetemo yake na muda wa kufifia kwake. Kazi yote ya miaka hiyo aliiweka katika kitabu kilichotoka mwaka 1983, ambacho kina milinganyo mirefu kiasi cha kuwachosha hata wataalamu. Alifariki Chicago tarehe 21 Agosti 1995, na mwaka 1999 Wamarekani walirusha darubini kubwa ya eksirei iliyopewa jina lake, Chandra.

Tarehe 14 Septemba 2015 vyombo viwili huko Marekani vilinasa mtikisiko wa mawimbi ya uvutano. Mashimo meusi mawili, moja la tungamo la Jua mara 36 na jingine mara 29, yalikuwa yamegongana umbali wa zaidi ya miaka ya nuru bilioni moja na kuwa moja la mara 62. Tungamo la Majua matatu liligeuka kuwa mawimbi. Mwishoni kabisa mwa mtikisiko huo, kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, ulionekana ule uvumi wa kengele inayofifia.

Lipo jambo moja ambalo bado halijakatwa. Kikomo cha vibete vyeupe kilipatikana kwa kalamu na karatasi kwa sababu tabia ya elektroni inajulikana barabara. Nyutroni zilizosongamana husukumana na kuvutana kwa nguvu za kiini ambazo hesabu yake ni ngumu mno, na kwa hiyo kikomo cha nyota za nyutroni hakijulikani kwa uhakika. Mwaka 2010 ilipimwa moja yenye tungamo la Jua karibu mara 2, na wataalamu wengi hukadiria kwamba mpaka uko juu kidogo ya hapo. Kisha, mwezi Agosti 2019, mawimbi ya uvutano yalileta habari ya kitu cha mara 2.6, na mwezi Januari 2024 watafiti waliotumia darubini ya redio ya MeerKAT, iliyoko katika jangwa la Karoo, Afrika Kusini, walitangaza kwamba nyota moja ya nyutroni inazungukana na mwenzi asiyeonekana mwenye tungamo kati ya mara 2.09 na 2.71. Huenda ni nyota ya nyutroni nzito kuliko zote zilizopata kupimwa. Huenda ni shimo jeusi jepesi kuliko yote. MeerKAT na darubini zitakazoifuata zinaendelea kuipima.